Maandishi yakipandana, achana na z-index kwanza

Jamani, kwenye CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti) z-index haitenganishi maandishi. Kazi yake ni kuamua nani akae juu nani akae chini basi, jina la bidhaa likiwa limelalia bei unaweka z-index: 9999 vinabaki vimelaliana vile vile, umebadilisha tu kinachosomeka.

Juzi nimeletewa saiti ya duka la nguo, kwenye kompyuta iko poa kabisa, kwenye simu kila kadi jina limepanda juu ya bei. Kukagua kwenye brauza nakuta jina lina position: absolute na top: 210px, yaani limepigiliwa pikseli 210 kutoka juu ya kadi, bei nayo absolute, top: 235px. Yaani aliyeitengeneza alipimia neno kama "Shati", sasa ikija "Gauni la kitenge la mikono mirefu" kwenye kioo cha pikseli 360 lazima likunjike mistari miwili na ule wa pili unatua kwenye bei. Na hata jina likiwa fupi, kuna watu wanakuza maandishi ya simu (mama zetu hao), yale yale.

Kitu ukikipa absolute kinatoka kwenye foleni, wenzake wanasogea kama vile hakuwepo, na mzazi hauhesabu tena urefu wake, ndo maana wakati mwingine unakuta divu (boksi la ukurasa) imejaa maneno halafu urefu wake 0.

Nilifuta absolute zote mbili, kadi nikaipa display: flex, flex-direction: column (vitu vijipange kimoja chini ya kingine) na gap: 8px (nafasi kati yao), halafu ile height: 280px nikaigeuza min-height, kadi isipungue hapo ila iweze kurefuka. Jina hata liwe mistari mitatu bei inashuka yenyewe.

Ila neno PUNGUZO lilitakiwa likae juu ya picha kweli. Hapo natumia gridi, boksi linapewa display: grid, picha na neno vyote grid-area: 1 / 1 (chumba kimoja cha gridi), neno align-self: end likae chini. Vinapandana kwa kutaka, na urefu wa boksi unahesabika. Gridi iko kwenye brauza kubwa tangu 2017 kwa hiyo sioni kisingizio.

Absolute ina kazi zake, kale kanamba kwenye kikapu kwa mfano, ili mradi kikapu kina position: relative ili kanamba kapimwe kutoka kwake, la sivyo kanakimbilia kona ya ukurasa.

Na wale ambao heda yenu (ile sehemu ya juu ya ukurasa) ni fixed, yaani haiondoki mtu akishuka, mtu akibonyeza menyu kichwa cha habari kinajificha nyuma ya heda, wekeni scroll-padding-top kwenye html, kiasi cha urefu wa heda, zile br (mistari mitupu) za kusukumia chini mzitoe.