Jikoni kwa bibi, Igombe

Alhamisi usiku. Nguo zangu zinanuka moshi na mafuta ya dagaa, na nimeona niandike kabla sijaoga.

Leo alfajiri nilinunua ndoo nne za dagaa wabichi mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Giza la mwezi limeingia, mitumbwi imerudi imejaa, bei ikawa nzuri. Nikawaanika kwenye chanja, nikihesabu kwamba Jumamosi watakuwa sokoni Kirumba. Saa tano mvua ikatokea ziwani ghafla. Anayeijua kazi hii anajua: dagaa akilowa na jua lisirudi, kesho yake ni chakula cha kuku, na bei unapangiwa na mnunuzi.

Karibu na mwalo, nyumba yenye banda la jiko lisilovuja na karai kubwa ni moja tu. Ni ya bibi ambaye watoto wetu wamefundishwa kupita mbali na mlango wake. Macho yake ni mekundu. Huku Usukumani sihitaji kumweleza mtu maana yake: watu husema ni mchawi. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu hiyo hiyo, kwa neno la mganga na minong'ono ya majirani.

Miaka sita tumekuwa majirani. Shikamoo nimempa, ndiyo, lakini shikamoo unaweza kuitupa huku miguu inaendelea kutembea, na mimi yangu ilikuwa ya namna hiyo. Krismasi iliyopita jumuiya yetu ya kanisani ilimpelekea sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Tuliimba wimbo mmoja mlangoni, tukamkabidhi, tukapiga picha. Alitukaribisha chai. Tukasema tuna haraka.

Leo sikuwa na cha kumpelekea. Nilisimama pale nimelowa, ndoo moja kichwani.

"Shikamoo bibi. Naomba moto na karai, dagaa wangu wanaharibika."

"Marahaba. Ingia, mjukuu wangu. Hizo nyingine ziko wapi?"

Tukawasha. Kuni zilikuwa zimeshika unyevu, hivyo akawa anamegua mavi ya ng'ombe yaliyokauka na kuyasukuma katikati ya mafiga ili moto usife. Alidondosha dagaa mmoja kwenye mafuta, akasikiliza, akasema bado. Akanionyesha kuwaosha mara tatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, na nisiwageuze mapema maana wanavunjika vichwa. Mikono yake ina makovu madogo ya mafuta hadi kwenye kiwiko.

Tulipofika ndoo ya pili alianza kusimulia bila mimi kuuliza. Kwao ni Kwimba. Miti ilikwisha, wakawa wanapikia mavi ya ng'ombe tangu akiwa msichana. Mtoto wa jirani alipofariki, mganga akaelekeza kidole upande wa nyumba yake. "Wakaacha kuja kuazima chumvi kwangu," alisema. "Mtu akikataa chumvi yako, ujue ameshaamua." Aliondoka usiku, akaja kwa binti yake huku ziwani. Binti naye amekwisha kufariki.

Sikujua la kumjibu. Nilisema pole, bibi, kisha nikaendelea kugeuza dagaa. Baadaye akaniuliza habari za mama yangu, nami nikajikuta namweleza mambo ambayo hata jumuiyani sijayasema.

Saa kumi nilitoka kuvuta hewa, nikajitazama kwenye kamera ya simu. Macho yangu yalikuwa mekundu, yamevimba, machozi yanatiririka. Hayo ni masaa manne tu. Yeye amekaa kwenye moshi huo zaidi ya miaka sitini.

Kwaresima hii tumesoma Yohana sura ya 4, Yesu na mwanamke Msamaria, na mimi ndiye niliyesoma kwa sauti. Siku zote nilikuwa nakimbilia kwenye maji ya uzima. Leo nimebaki kwenye neno lake la kwanza kwa yule mama: "Nipe maji ninywe." Aliomba. Alikuwa amechoka, ameketi, kisima kirefu na hana cha kutekea, yule mama mwenyewe alimwambia hivyo. Mwandishi anatukumbusha kwamba Wayahudi hawachangamani na Wasamaria, na hapo hapo Bwana anakubali kuwa mhitaji mbele ya mtu ambaye watu wake hawali naye. Sisi tulimpelekea bibi sukari ili tusimhitaji. Nadhani hilo ndilo lililotuwezesha kuondoka haraka namna ile, na linaniuma.

Wanafunzi waliporudi kutoka mjini walistaajabu kumkuta akizungumza na mwanamke, ila hakuna aliyemuuliza. Mimi niliulizwa. Jirani mmoja ameniona nikitoka bandani jioni, akanivuta pembeni: umekula kitu mle? Nikamwambia ndiyo, nimekula ugali na dagaa, na chai nimekunywa vikombe viwili. Akanyamaza. Nilimwambia pia kuhusu moshi, nikamwonyesha macho yangu. Sijui amelichukuaje.

Alhamisi ijayo ni zamu yangu kupokea jumuiya. Nimeshamwomba mwenyekiti tusalie kwa bibi, na bibi mwenyewe amekubali, anachohofia ni viti tu, anavyo viwili. Nimemwambia tutakuja na mikeka. Kesho asubuhi narudisha karai lake. Nimeweka ndani yake dagaa wa kukaanga na pakiti ya chumvi.