Nilivyochagua nyanya cheri zenye ladha kweli

Mimi nyanya cheri napanda kwa sababu moja tu, ladha. Kama ni nyanya za mchuzi nitapanda zile kubwa, lakini hizi ndogo unachuma unatupia mdomoni hapohapo bustanini, sasa ikiwa haina ladha umeipandia nini? Ndo maana nilipoamua kutafuta aina za kukaa nazo miaka yote niliacha kuangalia picha kwenye pakiti za mbegu, maana kwenye picha zote zinang'aa, nikapanda aina kadhaa pamoja, udongo mmoja, jua lilelile, mbolea ileile, ili tofauti ikitokea nijue imetoka kwenye mbegu na sio kwenye matunzo.

Halafu kuonja kuna utaratibu wake jamani. Nilikuwa nachuma za kila aina zikiwa zimeiva sawasawa, siku hiyohiyo, nazikata katikati naweka kwenye sahani, nyumbani wanafumba macho wanaonja bila kujua ni ipi. Rangi inadanganya sana, mtu akiona nyekundu iliyokolea ulimi unajiandaa kusema tamu kabla hata hajatafuna.

Kilichonifungua akili ni kwamba utamu peke yake hautoshi. Nyanya ina sukari, ina uchachu, halafu ina harufu inayopanda puani ukishatafuna, na hiyo harufu ndo inakwambia hii ni nyanya na sio tunda lingine. Ikiwa na sukari tupu unakula tatu unachoka, ikiwa na uchachu wa kutosha kuishikilia ile sukari utamaliza bakuli huku unaongea na watu. Kwa kipimo cha sukari kinachoitwa Brix nyanya kubwa za kawaida huwa kwenye 4 au 5 hivi wakati cheri nzuri inafika 8 na kuendelea, kwahiyo kwenye utamu nyingi ziko vizuri tayari, zinakotofautiana ni huko kwenye uchachu na harufu.

Iliyoshinda kwa wote ni Sungold, na sishangai maana kila anayelima cheri anaisifia. Ni chotara ya kampuni ya Tokita ya Japani, rangi ya chungwa. Hapa kuna siri moja, ikianza tu kuwa njano iliyokolea watu wengi wanaichuma, usiichume! Subiri iwe chungwa kabisa, ukiigusa kwa kidole gumba inaachia kikonyo yenyewe bila kuvutwa, hapo ukiing'ata ganda linapasuka kidogo tu na ule utamu unakuja na kitu kama embe kwa mbali halafu uchachu unafuata mwishoni. Ubaya wake ganda ni laini, mvua kubwa ikipiga baada ya siku za ukavu zinapasuka mche mzima, kwahiyo nikiona wingu zito natoka na bakuli nachuma zote zilizokaribia, zinamalizikia kuiva ndani na bado zinakuwa nzuri.

Ya pili kwangu ni Black Cherry. Hii ni ya zambarau inayoelekea kahawia, mabegani inabaki na ukijani kwahiyo kwa macho huwezi kujua imeiva, lazima uibonyeze kidogo, ikilegea kidogo ndo yenyewe. Ladha yake ni nzito, ya chini, na ukiweka chembe ya chumvi aisee. Kuna wageni hawakuipenda kabisa wakasema haina utamu, mimi naona ndo inayofanya sahani nzima iwe na maana.

Gardener's Delight ni nyekundu ya kawaida, ya zamani, ina uchachu mzuri, naiheshimu. Supersweet 100 inazaa vishada virefu mno na ni tamu kweli, ila utamu wake umenyooka tu. Matt's Wild Cherry ni vidude vidogo sana lakini harufu yake inazidi zote, shida kuchuma ni kazi ya subira na mmea unatawanyika unafunika majirani zake. Yellow Pear nimeitoa, umbo zuri la kama pea lakini mdomoni ni maji.

Za kwenye chungu zile fupi zinazoning'inia, mfano Tumbling Tom, zinafaa kama huna nafasi ila usitegemee ladha ya Sungold. Sukari inatengenezwa na majani, mmea mfupi una majani machache na matunda mengi kwa wakati mmoja, wakati ile inayorefuka bila kukoma ina majani mengi yanayolisha matunda taratibu. Ndo maana hata hizo ndefu mimi nikitoa machipukizi ya pembeni sinyoi majani mpaka mmea ubaki uchi.

Na aina nzuri unaweza kuiharibu mwenyewe. Samadi ikizidi unapata msitu wa majani na matunda yasiyo na kitu, maji mengi wakati zinaiva yanazimua ladha, mimi zikianza kubadilika rangi napunguza maji ila siachi udongo ukauke kabisa. Halafu friji! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha mwaka 2016 kwamba baridi inazima vinasaba vinavyotengeneza ile harufu, na ukiitoa nyanya ikapata joto tena harufu hairudi yote. Ziache mezani.

Kuhusu mbegu, za Sungold usihangaike kuhifadhi, ni chotara, zitaota ila hazitafanana na mama yake, kila msimu nanunua mpya. Black Cherry na Gardener's Delight natoa mwenyewe kutoka kwenye mche uliokuwa na matunda matamu kuliko wenzake, nakamua mbegu na ute wake kwenye glasi, naacha zichachuke siku mbili tatu mpaka ule ute uachie, naosha, naanika kwenye sahani maana zikianikwa kwenye karatasi zinang'ang'ania.