Nakomesha, au babu?

Kitabu changu cha sarufi ya Kihispania nilikinunua Posta, kwa wale wauza vitabu chakavu wanaotandaza chini. Elfu tatu, baada ya kuvutana sana. Ukurasa wa abolir, yaani kukomesha, una jedwali la wakati uliopo lenye mapengo: "sisi" ipo, abolimos, "ninyi" ipo, abolís. Mimi, wewe, yeye, wao, vistari vitupu. Nikadhani mpiga chapa kasahau.

Na neno lenyewe ndilo mkate wangu. Natembeza wageni, na Wahispania nikiwafikisha Bagamoyo lazima nigusie utumwa. Napenda kusimulia kama mtangazaji wa mpira: mwaka 1873, Waingereza wakimkaba koo, Sultani Barghash anafunga soko la watumwa Zanzibar, anakomesha... Hapo kwenye "anakomesha" kitabu kikaniacha kwenye mataa.

Kumbe kanuni ya zamani iliruhusu yale maumbo tu ambayo shina linafuatwa na i. Abolió, "alikomesha", ruksa. Kwingine watu walisita. Kitenzi kikifuata njia ya dormir, kulala, ambacho hutoa duermo, basi "nakomesha" ingekuwa abuelo. Na abuelo ni babu! Sarufi ya mwaka 2009 ya Akademia yao ya lugha ilimaliza ubishi ikakubali yote: abolo, aboles, abole. Kitabu changu kilizaliwa kabla ya hapo. Elfu tatu yangu jamani.

Ila kilichoniumbua ni soler, kitenzi cha mazoea. Suelo comer tarde, mimi hula kwa kuchelewa. Wakati uliopo unao, solía ya zamani unayo, wakati ujao hawautumii. Mimi nikamwandikia mgeni soleré llamarle los lunes, yaani soler kwenye huo wakati ujao, nikitaka kumwambia nitakuwa nampigia kila Jumatatu. Akanirudishia vikatuni vya kucheka, basi.

Niko kwenye daladala, nimening'inia, foleni ya Mwenge haisogei, nikajaribu kuigeuza sentensi ile kwa Kiswahili: "nitahukupigia". Nilicheka peke yangu mpaka konda akanitazama. Hu- yetu hii ya kila siku haibebi nafsi, haiingii wakati ujao, hata kukanusha haiwezi. Nani amewahi kusema "hahuli"? Na miaka yote sijaona pengo.

Nikatoa simu, nikaandika upya: le llamaré los lunes. Nitakupigia kila Jumatatu.