Chakula cha asili cha degu: nyasi kavu kwanza, mboga baadaye

Anayeamua kumlisha degu wake, yule mnyama mdogo mgugunaji anayefugwa nyumbani, chakula cha asili mara nyingi huanza na mboga: karoti iliyokatwakatwa, tango, majani ya letusi, pengine na kipande cha tufaha kwa nia njema. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Asili ya degu ni nyasi. Mboga na majani yenye harufu yana nafasi yake, tena nafasi nzuri, lakini ni kitoweo tu. Chakula chenyewe ni nyasi kavu.

Degu, ambaye kwa jina la kisayansi ni Octodon degus, ni mnyama wa Chile ya kati, upande wa magharibi wa milima ya Andes. Huko mvua hunyesha msimu wa baridi, na msimu wa joto huwa mkavu kabisa. Miezi michache degu hupata majani mabichi. Inayobaki hutafuna nyasi zilizokauka, majani magumu ya vichaka, magome na mbegu chache. Mwili wake umeumbwa kwa maisha hayo. Meno yake yote, ya mbele na magego, hayaachi kuota tangu anazaliwa hadi anakufa, na kinachoyasugua yasirefuke kupita kiasi ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi. (Jina Octodon lenyewe limetokana na magego hayo: uso wake una umbo la nambari 8.) Mwanzoni mwa utumbo mpana ana mfuko mkubwa uitwao sekamu, ambamo bakteria huchachusha nyuzinyuzi. Chakula kinachotoka huko kama kinyesi degu hukila tena, hasa usiku, ili avune kilichobaki. Usishtuke ukimwona, wala usimkataze.

Tatizo kubwa la kila degu ni sukari. Kongosho lake linatengeneza insulini, ila insulini ya jamii hii ya wanyama wagugunaji wa Amerika Kusini ina muundo tofauti na ya wanyama wengine, na nguvu yake ni ndogo. Sukari ikipanda kwenye damu, hukawia kushuka. Macho huumia mapema: ndani ya lenzi kuna kimeng'enya kinachogeuza glukosi kuwa sobitoli, sobitoli haitoki kirahisi, inavuta maji, na lenzi inavimba na kugeuka nyeupe. Degu mwenye kisukari anaweza kupata mtoto wa jicho ndani ya wiki chache tu. Wapo pia wanaoupata kwa kurithi au kwa uzee, kwa hiyo jicho jeupe peke yake halithibitishi kisukari, lakini ni sababu tosha ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Nyasi kavu

Ziwepo saa 24, zisiishe. Nyasi za timothi zinafaa sana, na nyasi nyingine za malisho zilizokaushwa vizuri zinafaa vilevile; ukichanganya aina mbili au tatu ni bora zaidi. Lusini si nyasi, ni jamii ya kunde: ina protini na kalsiamu nyingi. Mpe jike mwenye mimba, anayenyonyesha, au degu mdogo anayekua. Kwa degu mzima wa kawaida iwe kiasi kidogo sana cha kuonja.

Kabla ya kuwapa, shika konzi moja, ipasue katikati na uinuse. Nyasi nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia na harufu tamu ya shamba. Ikitoa vumbi linalokufanya upige chafya, au ikinuka uvundo, itupe yote. Ukungu hauondoki kwa kuanika upya. Kila siku weka fungu jipya ambalo kwa ukubwa linamzidi degu mwenyewe, moja kwa kila mnyama, nusu kwenye kihori na nusu sakafuni. Wao hupenda kuchagua, na mabua watakayoyaacha yatakuwa matandiko. Usiwalazimishe wayamalize yaliyochafuka kwa mkojo.

Kuanzisha majani mabichi

Degu wengi wamelelewa kwa vyakula vya pakiti na hawajawahi kuona jani bichi. Bakteria wa sekamu wamezoea kile wanachokipata, na ukibadilisha chakula ghafla wanaozalisha gesi huongezeka. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba degu anakula nyasi kavu vizuri kwa angalau wiki mbili. Kisha chagua aina moja ya jani, kata kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mpe asubuhi akiwa ameshakula nyasi. Asubuhi ni kwa sababu degu ni mnyama wa mchana, na wewe utapata siku nzima ya kumwangalia. Tumbo likiwa laini na kinyesi kikiwa kikavu, rudia siku mbili zinazofuata, uongeze polepole. Aina ya pili isije kabla ya siku nne. Ukiharakisha ukampa aina tatu kwa pamoja, siku atakapoharisha hutajua ni lipi lililomdhuru.

Baada ya wiki sita hadi nane, degu mwenye uzito wa gramu 200 hadi 300 anaweza kula takriban gramu 10 za majani mabichi kwa siku bila shida, yakiwa ya aina tatu au nne tofauti. Kipimo hiki ni cha tahadhari. Wapo wafugaji wanaofikia kiasi kikubwa zaidi, lakini ni kwa degu waliozoezwa kwa miezi na ambao wanapimwa uzito mara kwa mara.

Majani tunayoyategemea zaidi ni haya: giligilani, rehani, mnanaa, shibiti, majani ya shamari, majani ya karoti, majani ya figili, chikori, dandelioni na plantago. Dandelioni na plantago huota zenyewe penye nyasi na degu hula jani zima, ila dandelioni ina kalsiamu nyingi, kwa hiyo mpe siku tatu kwa wiki, isiwe kila siku. Pasli ni hivyohivyo. Spinachi, mchicha na majani ya bitiruti yana oksaleti nyingi, ambazo hushika kalsiamu na kuuweka mkojo kwenye hatari ya mawe. Jani dogo mara moja kwa wiki linatosha, na usipompa kabisa hakosi kitu. Rozimeri, thaimu na oregano zina mafuta makali: kijitawi cha sentimita 2 au 3, mara mbili kwa wiki.

Kabichi, brokoli na koliflawa huleta gesi. Tunaona hakuna haja ya kuhangaika nazo. Ukitaka, mpe jani la nje la brokoli, dogo, kwa degu aliyezoea.

Suala la vitamini C huwachanganya watu wanaotoka kufuga simbilisi. Simbilisi hawezi kuitengeneza mwilini, ndiyo maana hupewa hoho na matunda. Degu hujitengenezea mwenyewe. Hoja ya "anahitaji vitamini" isikusukume kumpa chungwa.

Majani yachumwe mahali ambapo hapajapuliziwa dawa, mbali na barabara na mbali na mbwa wanapokojoa. Osha, kung'uta, acha yakauke maji ya juu. Yaliyorundikwa mfukoni mpaka yakapata joto tayari yameanza kuchacha. Hayo yatamvimbisha tumbo. Nyasi zilizokatwa kwa mashine ni hatari kwa sababu hiyohiyo, maana zimepondwapondwa na huchacha ndani ya saa chache. Kata kwa mkasi au kwa mkono.

Mboga zenyewe, na hesabu ya karoti

Karoti mbichi ina takriban gramu 5 za sukari katika kila gramu 100. Zinaonekana kidogo. Sasa mlinganishe degu wa gramu 250 na mtu wa kilo 70: kipande cha gramu 10 kwa degu ni sawa na mtu huyo kula kilo 2.8 za karoti kwa mkao mmoja. Kwa hiyo karoti iwe mchemraba wa sentimita 1, mara moja au mbili kwa wiki, na degu mwenye dalili yoyote ya kisukari asipewe kabisa. Bitiruti na viazi vitamu usimpe.

Tango lina sukari isiyofika gramu 2 katika gramu 100, lakini sehemu 95 ni maji. Slaisi nyembamba moja inatosha, ukizidisha atalainika tumbo. Hoho la kijani lina sukari karibu nusu ya lile jekundu, kwa hiyo chagua kijani na utoe mbegu na kikonyo. Kipande cha boga au cha maharage machanga ya kijani yaliyochemshwa bila chumvi, ukubwa ule ule wa mchemraba, hakina neno mara moja kwa wiki. Seleri ikatwe vipande vya nusu sentimita kukatisha zile nyuzi ndefu. Mboga iliyobaki baada ya saa mbili au tatu itoe, na chungulia ndani ya kibanda cha kulalia: degu huficha akiba, na akiba ya tango huoza.

Matunda hatuyapi, hata kama zawadi. Tufaha lina sukari takriban 10 kwa 100, ndizi 12, na zabibu kavu zaidi ya 60.

Kukausha majani

Hii ndiyo njia bora kwa degu kuliko mboga mbichi, maana jani kavu ndilo analolijua kwa asili, halimwagi maji tumboni na linahitaji kutafunwa kweli. Chuma asubuhi umande ukishakauka, jua halijawa kali. Tandaza juu ya ungo au wavu, safu moja tu, majani yasilaliane, kivulini penye upepo. Jua moja kwa moja hufifisha rangi na kuondoa harufu. Geuza kila siku. Kutegemea unyevu wa hewa, huchukua siku 4 hadi 10, na gramu 100 za majani mabichi hubaki 10 hadi 20.

Wengi hupima kwa jani, na hilo ni kosa. Jani huvunjika mapema kuliko bua. Kunja bua: likipinda kama uzi, bado, likikatika kwa mlio, tayari. Ukiyahifadhi kabla ya hapo, unyevu wa bua unarudi kwenye jani na baada ya wiki utafungua ukute utando mweupe wa ukungu. Kwa uhakika zaidi, funga konzi moja kwenye chupa ya kioo usiku kucha. Ukikuta ukungu wa mvuke kwenye kioo asubuhi, rudisha yote kwenye ungo. Yakiwa tayari, hifadhi kwenye mfuko wa karatasi au wa kitambaa, mahali pakavu penye giza.

Kijiko kimoja cha chai cha majani makavu mchanganyiko kwa kila degu kwa siku, umwage juu ya nyasi ili azitafute. Maua ya kamomili, kalendula, hibiskasi na petali za waridi lisilopuliziwa dawa ni nyongeza nzuri. Kumbuka tu kwamba ukaushaji unaondoa maji na kuacha kila kitu kingine. Karoti iliyokaushwa ina karibu gramu 40 za sukari katika gramu 100. Soma vizuri pakiti za "mchanganyiko wa mimea": vile vipande vya rangi ya chungwa vinavyozipamba ndivyo vya kuogopa.

Peleti (vidonge vya chakula vilivyoshindiliwa), kama unatoa, ziwe zisizo na molasi, zenye vipande vyote sawa, gramu 5 hadi 10 kwa siku. Vyakula vya mchanganyiko wa mbegu na nafaka humfanya degu achague vyenye mafuta na kuacha vingine. Mbegu za alizeti zisizidi mbili kwa wiki. Vijiti vya mtufaha au mforosadi vinafaa kugugunwa. Kitunguu, kitunguu saumu, parachichi, viazi mbatata vibichi, rubabu, na majani ya nyanya ni marufuku.

Dalili za kuangalia

Mpime kila degu mara moja kwa wiki, siku ileile, kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mweke ndani ya bakuli. Usimshike mkia kamwe, ngozi yake huchomoka. Akipungua asilimia 10 ya uzito wake ndani ya wiki chache, mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana mchangamfu. Chora alama kwenye chupa ya maji: kunywa kukiongezeka ghafla na matandiko yakaloa kuliko kawaida, omba apimwe sukari.

Meno ya mbele ya degu mzima mwenye afya yana rangi ya chungwa. Yakianza kufifia kuelekea weupe, kuna upungufu au ugonjwa. Kidevu kilicholoa mate, chakula kinachodondoka mdomoni, au degu anayekimbilia kila kitu laini na kuacha nyasi: hayo ni magego, na hayaonekani bila kifaa cha daktari.

Kila asubuhi tazama kinyesi. Kiwe kirefu kidogo kama punje ya mchele mnene, cha kahawia iliyokolea, kikavu. Kivunje kimoja kwa ukucha. Ndani uone nyuzi za nyasi zilizosagika. Kikiwa laini au kimeshikana, ondoa majani mabichi yote na umwachie nyasi kavu na maji kwa siku mbili au tatu. Lakini degu aliyejikunyata, tumbo limekaza, anasaga meno na amekataa hata nyasi, huyo usimsubiri. Sekamu isiyopata nyuzinyuzi husimama, na saa 12 bila kula ni dharura.