Siku moja maishani mwangu: meza ya msanifu michoro Kariakoo

Saa 1:00 asubuhi huwa nimekwisha kuketi mbele ya kompyuta, kwa kuwa kabla maduka hayajafunguliwa intaneti haisuisui. Leo nina kazi tatu: kadi ya mwaliko wa harusi ya familia moja ya Tanga, kadi za biashara za mama anayeuza vitenge Mtaa wa Narung'ombe, na bango la kijana anayesafirisha mizigo. Programu ninazozitegemea, Inkscape ya kuchorea na Scribus ya kupangia kurasa, ni za bure na zimo ndani ya mashine, hivyo bando hulitunza kwa ajili ya fonti (mitindo ya herufi), picha na nakshi.

Saa 1:30 naanza na kadi ya harusi, ambayo juu kabisa ina Bismillahi, na hapo ndipo wengi wetu tunapoumbuka. Ukiyabandika maandishi ya Kiarabu katika programu isiyojua kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi huachana na kupangika kinyumenyume. Asiyesoma Kiarabu haoni kosa lolote, lakini babu wa bibi harusi ataliona kabla hajavaa miwani. Mimi hutumia Amiri, fonti ya Naskhi, mwandiko wa Kiarabu wa vitabuni, inayopatikana bila malipo katika Google Fonts, hazina ya fonti ya Google, iliyofufua herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo. Ndani yake Bismillahi nzima imo kama alama moja, yenye namba U+FDFD katika Yunikodi, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, kwa hiyo hakuna herufi ya kuachana na mwenzake.

Nakshi za pembeni nazitafuta katika tovuti ya jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, ambalo mwaka 2017 liliachia picha zaidi ya 375,000 za kazi zisizobanwa tena na hakimiliki, zitumike hata kibiashara. Vigae vyenye nyota za pembe nane vimo humo kwa ukubwa unaofaa kuchapwa. Nikichukua kimoja, nakichora upya kwa mistari katika Inkscape badala ya kukibandika kama picha, na kazi hiyo hunila saa nzima.

Saa 3:30 inafika zamu ya rangi. Familia inataka maandishi ya dhahabu juu ya karatasi nyeupe, kama ilivyo desturi. Naiingiza dhahabu yao, yenye namba ya rangi D4AF37, katika kipimo cha tofauti ya rangi cha tovuti ya WebAIM, nacho kinanipa 2.1 kwa 1, ilhali maandishi madogo yanahitaji angalau 4.5 kwa 1. Kipimo hicho kilikusudiwa maandishi ya kwenye skrini, lakini jicho la mzee halibagui skrini na karatasi. Dhahabu naibakiza kwenye nakshi. Majina na ukumbi nayaandika kwa kijani iliyokoza.

Saa 5:00 mama wa vitenge anapita kuangalia kadi zake, akiwa na sampuli niliyomchapia juzi.

"Mwanangu, mbona mtaa wangu una dirisha?"

Ni kweli. Kati ya Narung na ombe, mahali pa kiritama ('), kimesimama kijumba kitupu cha mraba. Fonti ile niliipakua kutoka tovuti moja inayojiita ya fonti za bure, nikavutiwa na mikia yake, na kumbe haikuwa na alama hiyo. Nilipofungua faili la leseni, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo, nilikuta imeruhusiwa kwa matumizi binafsi tu. Nikamwomba mama radhi, gharama ya sampuli ikawa yangu. Tangu hapo, kabla ya kupakua chochote Google Fonts, naandika "Narung'ombe, ng'ambo" katika kisanduku cha majaribio, kisha naitazama leseni. Fonti nyingi za pale zina leseni huria inayoruhusu kazi ya kulipwa.

Saa 8:00 mchana, baada ya chakula, nembo ya kijana wa mizigo inaingia kwa WhatsApp ikiwa na upana wa pikseli 320. Kwa pikseli 300 kwa inchi, hiyo inatosha sentimita 2.7, naye anataka bango la mita tatu. Namwomba faili la asili. Analipata kwa aliyemchorea, likiwa la PSD, yaani la programu ya Photoshop. Nalifungua kwa Photopea ndani ya kivinjari, ambayo haihitaji kusakinishwa wala haipandishi faili la mteja kwenye seva yao. Picha ya lori naipata Unsplash, ambako leseni inaruhusu biashara, ila nachagua isiyoonyesha sura ya mtu wala nembo ya kampuni nyingine, kwa sababu ruhusa ya mpiga picha si ruhusa ya aliyepigwa.

Saa 12:15 jioni nipo kwenye kiwanda cha uchapaji na PDF niliyoitoa Scribus kwa rangi nne za uchapaji.

"Kaka, umeacha milimita ngapi za kukata?" fundi ananiuliza bila kuinua kichwa.

"Tatu."

Kadi ya kwanza inatoka, naipiga picha na kumtumia mjomba wa bibi harusi. Baada ya dakika chache inakuja sauti yake: Bismillahi imekaa vizuri, rangi zimempendeza, lakini nikahi imesogezwa hadi Ijumaa. Fundi anazima mashine.