Siku moja dukani Pasua: kila anayekohoa anaita mafua

Saa 12:40 asubuhi. Moshi ya Julai. Mlima umejifunika, manyunyu hayakati, na mimi nahangaika na kufuli la duka huku vidole vimekufa ganzi. Ni mtoa dawa, nina duka la dawa muhimu huku Pasua, ingawa wateja wengi wananiita dokta. Nimeshachoka kuwasahihisha.

Saa 1:10. Konda wa daladala, koti hadi masikioni. "Dada, nipe rangi mbili za buku." Sikumpa hiyo antibiotiki. Nilimuuliza swali ninalouliza kuliko yote: ilianzaje? Anasema Jumamosi koo lilimwasha, Jumapili akaanza chafya, Jumatatu pua ikawa bomba. Joto hana, ugali anakula, kazini anaenda. Kitu kinachokuja kwa hatua hivyo, tena kikaanzia kooni na puani, ni mafua ya kawaida. Virusi vinavyoyaleta ni zaidi ya aina 200, na rangi mbili haiui hata kimoja, kwa sababu ni dawa ya bakteria. "Lakini kamasi zimekuwa za njano, dada!" Hilo ndilo linalowadanganya wengi. Kamasi kugeuka njano au kijani siku ya tatu ni kawaida, mwili unapigana. Nilimwambia siku 7 hadi 10, maji ya chumvi ya kusafishia pua, panado kama kichwa kinagonga. Akaondoka amenuna. Pale juu kuna duka linalouza bila maswali, na yeye analijua.

Saa 3, chai na andazi, hesabu za jana. Hazikulingana.

Saa 4:30. Mwalimu wa sekondari kashushwa na bodaboda, kashikwa mkono mpaka kwenye benchi. Jana saa 8 mchana alikuwa anafundisha, saa 12 jioni hawezi kusimama. Mifupa yote inauma, macho yanauma akiyageuza, baridi inamtetemesha, kikohozi kikavu. Mafua yenyewe? Kidogo tu. Hapo ndipo ninapotofautisha: mafua ya kawaida yanabisha hodi, influenza, yaani homa kali ya mafua, inavunja mlango. Mgonjwa wa influenza anaweza kukutajia saa aliyoanza kuumwa. Akaongeza kwamba nusu ya kidato cha pili hawajaja shule wiki hii, na kwa kuwa virusi hivyo huchukua siku 1 hadi 4 tangu viingie mpaka mtu aanze kuumwa, sikushangaa.

Yeye alitaka dawa mseto. Kwetu homa na viungo kuuma jina lake ni malaria, hata huku kwenye baridi. Ningembishia, ila wiki mbili nyuma alilala msibani Kahe, na Kahe mbu wapo. Nikamwambia aanze zahanati, apime, ndipo tuongee dawa. Saa 6 akanitumia ujumbe: malaria hakuna.

Je, UVIKO? Aliuliza, na nikamjibu ukweli kwamba kwa kumtazama tu siwezi kusema. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16, msafiri aliyekuwa ametua hapo KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kugundulika Arusha, jirani tu. Nakumbuka malimau na tangawizi vilivyopanda bei, na nyungu kila nyumba. Enzi zile mtu alikuwa ananusa kahawa iliyokaangwa asisikie kitu na pua haijaziba, nami nashtuka. Siku hizi dalili hiyo imepungua, na UVIKO na influenza vimefanana mno. Kipimo ndicho kinachoamua.

Mchana alipita dada mmoja: chafya kila asubuhi mwezi mzima, macho yanawasha, homa hana. Mzio huo. Dakika tano tumemaliza.

Saa 9:20. Hapa nilisahau chakula changu. Mama, bibi, na mtoto wa miezi 7 ndani ya kanga mbili na blanketi. Mafua siku tatu, leo ziwa anashika na kuachia, kifua kinapiga filimbi. "Ni baridi tu, mwanangu," bibi akasema, "nimemlambisha asali." Shikamoo yangu nilishaitoa, ikabidi niseme kwa upole kwamba chini ya mwaka mmoja asali hapana. Nikaomba wamfunue. Mbavu zinazama kila akivuta pumzi. Nikahesabu dakika nzima kwa saa ya simu: 62. Wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 ni pumzi za haraka. Kwa aliyefikisha mwaka mpaka miaka mitano ni 40.

Kaka yake wa miaka sita ana mafua pia, anacheza mpira nje. Huenda ni virusi vilevile, RSV labda: kwa mkubwa ni kamasi tu, kwa mtoto mchanga vijia vya hewa vyenyewe ni vyembamba kama mrija, vikivimba kidogo vinaziba. Sikuuza kitu. Nilisimamisha bajaji mwenyewe, hospitali ya Mawenzi moja kwa moja.

Saa 11 jioni mzee mmoja alitaka dawa ya maji ya kifua. Wiki tano anakohoa, jasho la usiku, suruali imefungwa kamba. Anaita mafua ya baridi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinaenda kupimwa kifua kikuu, mzee, na kipimo ni bure. Alinitazama sana kabla ya kusema sawa.

Saa 1:50 usiku mama wa mtoto akapiga. Kalazwa, kawekewa oksijeni, kamasi zimevutwa, ameanza kunyonya. Nyuma namsikia bibi: "Muulize, mbona hawajampa hata antibiotiki?"

Nafunga mlango, konda wa asubuhi huyu hapa, pua nyekundu, pakiti mkononi, rangi mbili.

"Dada, hizi zinaanza kufanya kazi baada ya siku ngapi?"