Wakili kaandika kwamba sina ng'ombe

Gari langu liligongwa kwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye taa, hapa Leeds, Uingereza. Aliyenigonga hakubisha. Mimi natunza wazee majumbani mwao. Bila gari hakuna kazi, nikachukua la kukodi kwa mkopo. Kisha wakili wangu akaandika: ili bima ya yule bwana ilipe gharama yote, tuthibitishe kwamba mimi ni impecunious. Nikadhani ni ugonjwa.

Kumbe ni neno la mahakamani, yaani asiye na pesa. Mwaka 2003 House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliamua kwamba asiye na uwezo wa kukodi gari kwa pesa taslimu anaweza kudai ile ziada ya mkopo. Neno lenyewe ni la zamani, la mwishoni mwa karne ya 16. Im- inakanusha. Kinachobaki ni pecunia, pesa kwa Kilatini, nayo imezaliwa na pecus, yaani mifugo. Mroma Varro alishaliandika hilo kabla ya Kristo. Na sisi wa Bukavu, kule Kongo, barua ngapi za kuomba muda wa kulipa minerval, karo ya shule, tuliandika "difficultés pécuniaires", yaani shida za pesa, bila kujua kuna ng'ombe humo ndani!

Nikampigia baba mukubwa, kule Kadutu, mjini Bukavu.

"Bazungu banakuandikia kama hauna ngombe? Banajua namna gani?"

Alicheka hadi akakohoa. Yeye alikuwa na ng'ombe wanne kule Walungu. Waliondoka na vita vya 1996. Siku hizi anafuga kobaye, yaani simbilisi, jikoni, na sijui Varro angewaweka fungu gani.

Nikatuma taarifa za benki za miezi 3. Bima ikauliza: kama hana kitu, mbona kila mwezi dola 100 zinakwenda Bukavu? Ikabidi nieleze kwa maandishi. Dawa za baba mukubwa niliziandika haraka. Ila kueleza kwa nini pesa hiyo hutoka kabla ya chakula changu kulinichukua usiku mzima, na Kiingereza changu si kibaya.

Fomu ilikuwa na mstari wa mwisho: mali nyingine. Nikaandika hakuna. Baba mukubwa aliposikia, akakasirika.

"Unasahau mbuzi ya dote ya dada yako? Iko yako. Ilishazaa mara mbili."

Nimemwandikia wakili kuhusu huyo mbuzi wa mahari. Bado hajajibu kama mbuzi anahesabika.